Siku Tatu za Kukunja Mikono

Wenzake walimwita Mama Foronya, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya kufua nguo za hospitali haikupotea foronya hata moja asijue ni ya wodi gani na nani aliifutia viatu. Alikuwa mkuu wa madobi, cheo kisicho na kiti wala meza. Mwili wake ulijaza mlango, ulimi wake haukujua kubembeleza, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti aliyekuja kuwa mwalimu wa chuo akifundisha elimu ya jamii.

Binti huyo, alipokuwa bado mwanafunzi, alizoea kusoma kwa sauti huku mama akipiga pasi. Jamii ni kama mwili, alisoma: familia, shule, mahakama na hospitali ni viungo, kila kimoja kina kazi yake, na kimoja kikiyumba vingine hujirekebisha ili mwili usianguke. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza dobi ni kiungo gani. Binti akawaza, akajibu kwamba labda ni figo.

"Basi andika na hili," mama akasema. "Figo hakuna anayeikumbuka mpaka igome."

Walicheka siku ile. Miaka ikapita, na figo ikagoma kweli.

Chanzo kilikuwa sindano. Nguo za chumba cha upasuaji hufika dobi, yaani chumba cha kufulia, zikiwa zimeviringishwa, zina damu, na mtu wa haraka akisahau sindano ndani yake, anayeigundua ni dobi, kwa kidole chake. Mwaka ule ilikuwa ya tatu, na ilimchoma mdogo wao, dada mmoja waliyemwita Kimya kwa uchache wa maneno yake. Alimeza vidonge vya kukinga virusi mwezi mzima akitapika kila asubuhi, akaambiwa damu yake itapimwa tena baada ya miezi mitatu, na mumewe akahamishia godoro sebuleni. Mama Foronya akaandika barua kuomba mambo mawili: glavu nene, na nguo zikung'utwe kabla hazijafungwa. Metroni, mkuu wa wauguzi, akajibu kwamba ombi limepokelewa. Kupokelewa! Hata mvua hupokelewa na paa bovu.

Jumatatu wakazima mashine wakakunja mikono. Sheria aliitunga yeye mwenyewe: hakuna kugusa kitambaa mpaka glavu zije na karatasi ya kukubali ombi itiwe sahihi, na asije mtu kumwombea mgonjwa wake wa pekee.

Siku ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Siku ya pili wauguzi wakawa wanageuza mashuka upande wa pili. Jioni ile baba wa mtoto aliyeungua moto aliwapigia madobi magoti mlangoni akiomba shuka moja safi, nao wakamwambia aende akamwombe metroni. Mama Foronya alimtazama akiondoka, na chakula cha usiku hakikumshuka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, chumba cha upasuaji kilikuwa kimebakiwa na bunda moja la nguo safi. Saa hiyohiyo mkwe wa Mama Foronya akaingia na mkewe, yule binti mwalimu, mwenye uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala kingamo tumboni, hatoki bila kupasuliwa. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mama mwingine akivuja damu. Daktari aliwapima wote wawili, akampa bunda yule wa pili. Mama Foronya angeulizwa angeamua vivyo hivyo, na kulijua hilo kulimuuma kuliko kutolijua. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mtu mwingine.

"Mama, naweza kumsubirisha kwa saa mbili," daktari akamwambia. "Zaidi ya hapo siahidi."

Saa mbili. Kufua kwa maji ya moto dakika hamsini, kukausha arobaini, kukunja na kufunga kumi, mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu arobaini na tano. Hesabu ilikataa hata kabla hajaomba mtu. Akamwendea metroni, akamwambia atie sahihi sasa hivi, mashine ziwashwe. Metroni, ambaye si mtu mbaya, alijibu kwa sauti ya chini kwamba sahihi ni ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko mkutanoni mpaka kesho. Ndio utaratibu. Kisha akaongeza kwamba mashine hazijafungwa na mtu.

Alitembea ukumbi mzima hadi dobi, na kwa mara ya kwanza mwili ule ulionekana mdogo mlangoni. Wenzake wanne walikuwa wamekalia ndoo zilizofudikizwa. Akawaeleza. Mkubwa wao kwa umri, aliyeitwa Shangazi na kila mtu, akatikisa kichwa. Alimpenda yule binti kama wake, akasema, lakini yule baba wa jana naye alikuwa na mtoto, na walimwambia nini? Mama Foronya alikuwa na woga mtupu, na aliona aibu kuwa nao mbele yao.

Macho yote yakamgeukia Kimya.

"Tukiwasha leo, glavu hatupati," Kimya akasema. "Unajua?"

"Najua."

"Nataka uliseme."

"Glavu hatupati," Mama Foronya akasema. "Na ni kwa sababu ya mwanangu."

Kimya akainuka, akaigeuza ndoo yake, akafungulia bomba. Shangazi alikaa kidogo zaidi, akilaani kwa sauti ya chini, kisha naye akaenda kuwasha mashine.

Walitia nguo chache tu ili maji yachemke upesi. Mashine ya kukausha wakaiacha, haina haraka na mtu. Wakazitandaza mbichi mezani, pasi nne kwa mpigo, mvuke ukiwapanda usoni. Mama Foronya hakutazama saa, Shangazi alimtazamia na kutaja dakika. Mtu wa wodi ya uzazi akaja mara mbili kuuliza. Mara ya pili alikuwa anakimbia. Bunda lilitoka kwenye mtungi baada ya saa mbili na dakika nane tangu daktari aliposema, likabebwa mbio lingali linaunguza mikono.

Mtoto alitoka hai, mama yake hai. Mama Foronya alipoletewa habari alikaa sakafuni kwenye maji, akalia, na hakuna aliyemzuia.

Kesho yake mkurugenzi akarudi. Karatasi ikabandikwa mlangoni mwa dobi ikiwashukuru wafanyakazi kwa kurejea kazini kwa moyo wa kujitolea, na kuwajulisha kwamba huduma sasa ziko sawa. Glavu zitazingatiwa mwaka ujao. Binti aliposimuliwa kitandani, mtoto kifuani, alianza kusema kwamba ndivyo mwili unavyojirudisha sawa.

"Mwili umejirudisha kwa mikono ya nani?" mama akamuuliza taratibu, akamfunika miguu, akarudi kazini.

Toroli la upasuaji lilikuwa limeshafika, na juu kabisa zilikuwa nguo za binti yake. Kimya akanyoosha mkono kuzifungua. Mama Foronya akamshika kiwiko, akamsogeza hadi nyuma ya beseni.

"Kaa hapo."

Akafungua mwenyewe, kunjo kwa kunjo, kwa vidole vitupu. Tangu siku ile mabunda ya upasuaji hufunguliwa na mtu mmoja tu pale dobi, na wenzake husimama mbali wakimngoja amalize.