Kikapu Kilichobaki Mlimani

Mimi nakumbuka majina. Hapa kwetu Kitale watu wakisahau jina la marehemu fulani au mtoto wa fulani, wananiuliza mimi. Lakini kuna jina moja sikuwahi kulitoa mdomoni kwa miaka kumi na miwili: la mume wa binti yangu. Kwetu mama mkwe hamwiti mkwe wake kwa jina, hamgusi, hakai naye kiti kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi.

Sasa fikiria mtu kama huyo akubebe kwa pikipiki.

Walinialika Uswisi wanakofanya kazi, nimwone mjukuu. Nilidhani nitakaa nyumbani nipike uji. Ati hapana, familia yote inaenda kuzunguka milima kwa pikipiki, siku tatu.

"Gari hakuna?" nikauliza.

"Gari ipo, Mama. Hii ni raha tu."

Raha! Mimi natoka mahali mtu anapanda pikipiki kwa sababu gari haifiki. Na mlima ninao. Elgon nauona nikiwa jikoni, bure.

Mkwe wangu alikuwa bodaboda pale Kiminini kabla hajaoa, kwa hivyo pikipiki anaijua. Binti yangu amejifunza juzi. Mpango ulikuwa mimi nibebwe na binti yangu, mtoto abebwe na baba yake. Hiyo nikakubali. Lakini tulipofika chini ya mlima wa kwanza, binti yangu akasimama, akavua helmeti, jasho linamtoka.

"Mama, wewe ni mzito. Kona za huko juu sitaziweza na wewe. Panda kwa Baba Toto, mtoto aje kwangu."

"Kwa nani?"

"Si tuko Ulaya, Mama! Nani anakuona?"

"Mimi najiona."

Mkwe wangu alikuwa amegeuka anaangalia ng'ombe wa watu kama anayetaka kuwanunua. Huyo hata kwake mezani akitaka kunipa chumvi anamwambia mtoto, "Mwambie Kukhu chumvi hii hapa." Kukhu ni mimi, bibi yake. Mtoto ananiambia, na mimi nimeshasikia.

Nikachukua kikapu changu cha mkonge, chenye sweta na ndizi, nikakiweka katikati yetu. Mgongo wake huko, tumbo langu huku, kikapu mpakani. Mikono nikashika keria nyuma. Helmeti zao zina kidude cha kuongelea mkiwa njiani, lakini changu kilikuwa kimya. Nikajua amekizima kwa heshima. Heshima gani ya kumfungia mtu mzima kichwa ndani ya ndoo?

Tukapanda. Kila kona kikapu kinamsukuma, naye anasonga mbele ili kisimguse sana. Kufika katikati ya mlima alikuwa karibu kukalia tangi. Halafu ukungu ukashuka. Nikageuka nyuma kutafuta taa ya binti yangu. Haikuwepo. Nikangoja kona moja, mbili, tatu. Hakuna taa. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu, weupe tu unaoenda chini. Na mtoto wangu wa kuzaa, na mtoto wake, wako mahali huko nyuma.

Nikapiga kikapu ngumi. Akasonga mbele. Nikapiga tena. Akasonga tena, ati ananipa nafasi!

"Wewe!" nikaita. "Baba Toto!"

Upepo ukabeba sauti.

Basi nikakivuta kikapu nikakiachilia, kikaenda. Nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili, nikabandika helmeti yangu kwa yake, nikaita jina lake. Lote: la kanisani, na lile alilopewa na babu yake kule Bungoma.

Breki hizo! Nilidhani tumeenda.

"Mama?" akasema. Mara ya kwanza kuniongelesha bila kupitia kwa mtu.

"Mke wako hayuko nyuma!"

Akageuza. Alishuka kama aliyeona abiria anachukuliwa na mwingine pale Kiminini, na mimi sikumwachilia. Nilisikia moyo wake ukigonga mikononi mwangu. Tulipita kona nne, ya tano tukawakuta wamekaa juu ya ukuta wa mawe wanakula chokoleti.

"Pikipiki imekataa kuwaka," binti yangu akasema. "Nimewaita kwa kidude mpaka nimechoka. Mbona hamjibu?"

Mkwe wangu akaangalia viatu vyake. Alikuwa amezima changu, na chake pia akazima, asije akanisikia nikipumua.

"Kukhu," mtoto akauliza, "mbona umemshika Baba hivyo?"

Mikono yangu ilikuwa imekataa kufunguka.

Kikapu tulikitafuta hatukukiona. Siku mbili zilizobaki nikabebwa bila mpaka, na huyo mtu sasa haachi kuongea. "Mama, kona. Mama, shika vizuri. Mama, huko chini ni ziwa." Nimeliona!

Niliporudi Kitale, kaka yake mkwe wangu akaja kutoka Bungoma na jogoo mkubwa na kikapu kipya, ati ametumwa aombe msamaha kwa yale ya mlimani. Jogoo alikuwa mzuri, sina neno. Lakini kikapu kilikuwa cha nailoni, rangi ya waridi. Nikachukua simu, na sikumpigia binti yangu. Nilimpigia mkwe mwenyewe, nikamwita kwa jina, nikamuuliza hiki ni kikapu gani.