Gari la Bosi Lisubiri Kwanza

Saa saba mchana, Verediana Ntahondi anamzuia bosi wake kuchaji gari.

Amesimama uani, kwenye ofisi ya shirika moja la kuhudumia wakimbizi, Kasingirima, mjini Kigoma. Kanga imekazwa kiunoni juu ya sare, chaki iko mkononi, na nyuma yake kuna ubao mweusi uliotundikwa ukutani.

“Shikamoo, Mama. La kwako linakwenda wapi kesho?”

“Marahaba. Benki tu, na kurudi.”

“Basi lisubiri. La Bonaventura linapanda Manyovu.”

Bosi huyo, Dainess Sanga, ni mzaliwa wa Njombe aliyehamishiwa Kigoma miaka minne iliyopita. Anacheka, anarudisha gari kivulini na kuingia ofisini. Mgeni anaweza kudhani mama huyu mwenye chaki ndiye mkurugenzi.

Siyo. Verediana, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, aliajiriwa hapa kufagia na kuchemsha chai. Magari matatu ya umeme yalipoletwa pamoja na chaja moja, hakuna aliyetaka kushughulika nayo. Madereva walisema hawakusomea umeme. Akapewa yeye, kwa kuwa ndiye anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

“Niliogopa ule waya kama nyoka,” anasema. “Fundi alinifundisha siku moja tu. Akaniambia, mama, ukisikia mlio huu, limekubali. Basi, nikawa nasikiliza mlio.”

Mlio aliujua upesi. Kilichomponza ni malezi mema.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, na wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakipokelewa mpakani Manyovu, kilomita sitini hivi kutoka mjini. Jioni hiyo gari la dereva Bonaventura lilikuwa kwenye chaja, limefika asilimia arobaini na sita. Bosi akaingia na la kwake. Verediana akachomoa la dereva, akachomeka la bosi.

Hakuna aliyemwagiza. “Kwetu sisi Waha, mkubwa ndiye anayenawa mikono kwanza,” anaeleza. “Ningemwachaje bosi asubiri, dereva anakula? Nikasema hili la Bonaventura nitalirudisha likishajaa la Mama. La Mama lilipojaa tu, umeme ukakatika usiku kucha.”

Asubuhi simu ikalia kutoka mpakani. Mwanamke aliyevuka jana yake, Melania, ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya tumboni. Anahitaji upasuaji hospitali ya mkoa. Bosi alikuwa ameshaondoka na gari lililojaa, la tatu liko kwa fundi. Bonaventura akatazama ile arobaini na sita, akamtazama Verediana, akawasha gari.

Verediana anakumbuka: “Heri angenitukana.”

Kupanda milima kulikula chaji yote ya maana. Wakati wa kurudi, zikiwa zimebaki kama kilomita thelathini kufika mjini, gari liligoma kando ya mashine ya kusaga unga. Ndani alikuwamo Melania, amelala, ameshikwa mkono na muuguzi Agnesi. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara haina gari jingine.

Mwenye mashine, Mzee Hamdani, alisema soketi ipo, ila laini ya kijijini ni dhaifu. Wakisaga, gari halichaji. Wakichaji, mashine izimwe. Na mlangoni walikuwa wamejipanga kina mama kumi na tisa na ndoo zao za muhogo, wengine wamefika tangu alfajiri, nyumbani hakuna unga.

“Nilijua watakataa,” Bonaventura anasimulia. “Aliyekuwa mbele kabisa, bibi mmoja, akachungulia garini. Akashusha ndoo yake, akaikalia. Akasema, zima hiyo mashine, mwanangu. Na wote nyuma yake wakakaa.”

Walikaa saa moja na nusu. Wawili walivua kanga zao wakamfunika Melania, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Gari likapata chaji kidogo, mteremko ukasaidia, na likaingia geti la hospitali na asilimia mbili. Jioni mtoto wa kike alikuwa analia.

Kasingirima, Verediana alikuwa ameshakunja sare yake. Alijua kibarua kimeota nyasi. Mshahara wake wa shilingi laki mbili na themanini ndio unaowasomesha wanawe wawili tangu afiwe na mumewe. Hata hivyo bosi alipouliza nani alichomoa gari, hakusubiri atajwe.

“Nilisema ni mimi, Mama, nilikuheshimu wewe nikamsahau mgonjwa. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote.”

Dainess anasema maneno hayo yalimchoma. “Mimi niliikuta nafasi pale kwenye chaja, na sikujiuliza imetoka wapi. Ningemfukuzaje peke yake?” Kesho yake alinunua ubao wa kuandikia safari na boksi la chaki, akamkabidhi. Tangu hapo, gari lenye safari ndefu ndilo linalotangulia, liwe la nani. Mwenye kauli ya mwisho ni Verediana.

“Namshukuru Mungu, namshukuru Mama,” anasema. “Ila deni langu kubwa liko kule juu mashineni.”

Melania, ambaye sasa yuko kambini, humtumia mama huyu wa chaja salamu kupitia Bonaventura: “Murakoze cane,” yaani asante sana. Kila zikifika, Verediana huona aibu. Anahisi asante hizo si zake, ni za kina mama wa mashineni, nao hajawahi kuwaona hata kwa macho.

Jumamosi hii amepata ruhusa na lifti ya Bonaventura. Bosi amechangia kanga mbili mpya, badala ya zile zilizokwenda hospitali. Dumu la mawese kwa ajili ya yule bibi liko tayari. Na pembeni mwa ubao ameweka ndoo ya muhogo mkavu.

Tunamuuliza, muhogo wa nini, na mashine za kusaga zimejaa hapa Kasingirima?

“Nakwenda kusaga kule kule,” anajibu, akifuta chaki viganjani. “Nitapanga foleni. Na atakayekuja nyuma yangu, nitampisha, na mwingine nitampisha, mpaka niwe wa mwisho.”