Kopo la Karanga Nyuma ya Chaki

Ijumaa, tarehe 14 Juni, nilikuwa katika darasa langu la awali hapa Mtinko, nikimweleza Mama Mwajuma kwa upole wa msomi kwamba ingefaa binti yake mwenye usonji abaki nyumbani.

"Miezi mitano sasa, mama. Hakuna anachoshika."

"Nyumbani anashika, mwalimu. Mbuzi wakirudi jioni, yeye ndiye anayewafungulia zizi."

"Zizi si darasa," nilimjibu, nikijiona mwenye hekima.

Wakati huo watoto walimaliza wimbo wa kuhesabu. Mwajuma, mwenye miaka mitano, aliinuka pasipo kuitwa, akaenda kabatini, akatoa kopo la karanga lililofichwa nyuma ya chaki na kuniwekea mkononi. Kisha akanigeuza nitazame ukutani.

Ndivyo nilivyofanya kila siku baada ya wimbo ule: niliwapa watoto mgongo nikatafuna, mimi niliyebandika mlangoni tangazo la kukataza kula darasani.

Mama Mwajuma aliziba mdomo kwa kanga. "Hakuna anachoshika, eti? Tafuna basi, mwalimu, mtoto anakusubiri."

Nilicheka hadi machozi, huku nikitamani kuingia kabatini.

Wiki tatu baadaye nilimwandikia mwalimu mkuu: "Naomba kufuta pendekezo langu kuhusu Mwajuma. Anajifunza kwa kuona jambo likirudiwa kwa mpangilio uleule, na sasa ninamfundisha hivyo. Naomba pia ruhusa ya kubandua tangazo la mlangoni. Baada ya wimbo, darasa zima hula karanga, na mgawaji ni Mwajuma. Mimi hunipa mwisho, nikiwa nimetazama ukutani."