Ngumi ya dirisha ya plastiki

Leo nimekula ngumi sababu ya dirisha ya plastiki.

Patron mmoja, tajiri wa hapa Muyinga, aliniletea garajini gari yake ya kufunguka juu, ile anakodishaga kwa arusi. Dirisha ya nyuma, ile ya plastiki, ilikuwa imeingia ukungu, nimsafishie.

Unapiga kwanza msasa na maji. Inazidi kuwa nyeupe. Dawa ya meno ndiyo inaisafisha kisha.

Patron akaingia dirisha ikiwa bado iko nyeupe.

"We, umeniulia gari."

Ngumi ya mdomo. Na mi nikamkaba, nikamgongesha kichwa kwenye mlango.

Majirani wakatutenganisha. Hapo ndipo akaona kona moja nilikuwa nimeshaipaka dawa. Safi kama maji.

"Bon. Malizia basi."

Mungekuwa mi, mungemalizia?

Arusi iko kesho. Nimemwambia kona moja itawatosha maarusi.