Masufuria ya Msiba

Fadhiya binti Sabir hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakujali. Tangu mamake afe, yeye ndiye aliyetunza masufuria makubwa ya mtaa wao wa Mji wa Kale, yaliyonunuliwa kwa michango ya akina mama. Palipotokea msiba yalitoka stoo bila ya mtu kuomba wala kulipa, kwani wafiwa hawapiki. Mtaa ndio unaowapikia. Aliyerudisha sufuria lenye masizi alipewa maneno mpaka akajuta kuliazima.

Kisha wakaja watu waliouita utaratibu huo ubunifu wa kijamii. Kate wa shirika la misaada aliezeka upya stoo kwa bati na kutia kufuli jipya. Ufunguo ukakaa kwa Kenneth wa kaunti, eti mpaka waelewane maana ya neno hilo. Fadhiya alinyamaza kwa sababu ya bati lile, na baadaye alijichukia kwa hilo.

Kuelewana kwenyewe kukawa balaa. Kenneth alitaka huduma yenye kibali. Griffins wa benki alitaka masufuria yakodishwe, yajilipie. Kate alitaka mfano wa kupelekwa mitaa ya Tudor na Makupa, na kila mwenye haja aombe mapema kwa simu.

"Aombe mapema?" Fadhiya aliuliza. "Kwani nyinyi mwaambiwa siku mtakayofiwa?"

Griffins alitazama saa yake. Mkutano ukaendelea kana kwamba aliyesema ni feni.

Walikuwa wangali wanabishana simu ya Fadhiya ilipolia. Jirani yake Mejumaa alikuwa amefiwa na mamake, ambaye angezikwa baada ya laasiri.

"Nipeni ufunguo," akasema.

Kenneth alisema hawezi kuutoa kabla ya makubaliano, labda Kate aidhinishe. Kate alisema mwenye mamlaka ni kaunti. Griffins alitoa pole, kisha akasema yakitoka bure leo, kesho hakuna atakayelipa.

Fadhiya aliwatazama kwa chuki ambayo hakujisumbua kuificha. "Mayiti yuwalala ndani, nanyi mwatafuta maana ya neno," akasema, akaondoka.

Alipitia kwa Tsofa, fundi wa vyuma, akaazima nyundo. Kufuli halikumchelewesha. Adhuhuri wali ulikuwa ukitokota kichochoroni, na Mejumaa hakugusa hata mwiko.

Askari walifika watu wangali wanakula. Kaunti, benki na shirika, bila ya kuitisha mkutano, walikuwa wamekubaliana kwamba Fadhiya ni mwizi wa masufuria.