Taalai na Mgonjwa Asiyeambiwa

Ilikuwa mwaka 2011. Hapana, nakosea, ilikuwa 2012, maana mwaka uliotangulia Taalai alikuwa bado anafundisha jiografia kule At-Bashy. Shule ilipopunguza walimu, alikwenda mji mkuu, Bishkek, miezi mitatu akarudi na cheti cha ushauri nasaha kwa watu wanaokaribia kufa. Mkewe alimcheka.

"Kwa hiyo sasa kazi yako ni kunywa chai ya watu huku unawatazama wakifa?"

"Chai wanatoa wenyewe," alijibu.

Alikuwa mpole, mabega yameinama kidogo, na hakupenda kubishana na mtu. Upole huo ndio uliomponza.

Mzee Omurzak alikuwa mchunga farasi wa kijiji cha juu, na saratani ilikuwa inamla ini. Huko mgonjwa haambiwi ugonjwa wa namna hiyo. Jamaa humficha kwa huruma, na daktari husaidia kuficha. Mke wa mzee, Sairakan, alimdaka Taalai mlangoni hata buti hajavua.

"Ni nyongo tu, mwanangu. Umenisikia? Nyongo. Na wewe umetoka ofisi ya pensheni."

"Nimekusikia, mama."

Siku ya kwanza tu mzee alimtazama kwa jicho la pembeni. "Ofisi gani ya pensheni inayomuuliza mtu kama analala vizuri, kama anaogopa? Haya, kaa. Kunywa."

Taalai akawa anakuja kila Jumanne. Kule Bishkek alifundishwa kumuuliza mgonjwa ni kitu gani kilichoyapa maisha yake maana. Akamuuliza.

"Maana?" Omurzak alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nimechunga farasi, bwana wee. Kawaulize wao." Kisha akapangusa mdomo. "Kusali sikujifunza. Zamani serikali ilikataza, ilipoacha kukataza nikaona haya kuanza uzeeni. Lakini alfajiri, farasi wakipanda mlima, nilikuwa navua kofia. Hivi hivi tu, bila kuambiwa. Unadhani hiyo inaandikwa mahali?"

"Sijui, baba."

"Afadhali wewe husemi uongo."

Sasa, kwa watu wa huko, anayeondoka duniani huwaita watu wake, akatoa wosia, akaombana radhi na mmoja mmoja. Bila hivyo huenda na mzigo. Lakini anayeumwa nyongo hawaiti watu. Akiwaita, huo ni uchuro, anajiitia kifo mwenyewe.

Jumanne ya nne mzee alikuwa amebaki mifupa. Alimshika Taalai mkono.

"Wewe umesomea haya mambo. Niambie, niwaite watu?"

Taalai akashusha macho kwenye kikombe chake.

"Usiniogope, mwanangu. Wapo wengi wa kuombana nao radhi, na mmoja lazima nianze naye. Anakaa mbali, njia ina theluji. Nikichelewa hafiki. Niwaite, nisiwaite?"

Sairakan alikuwa kasimama mlangoni na birika. Alitikisa kichwa tu, machozi yanamtiririka, na Taalai akaona hawezi kumvunja yule mama mbele ya mumewe.

"Utapata nafuu, baba," alisema. "Utawaita wakati wa kiangazi, tuchinje."

Omurzak aliuachia mkono wake taratibu.

"Basi vyema. Mama watoto, mmiminie mgeni chai."

Tangu hapo hakuuliza tena. Ijumaa alikata roho.

Msibani wanaume walikuja wakilia kwa sauti toka mbali, kama ilivyo desturi, na Taalai akawa anamkagua kila anayefika: ni huyu? Ni yule mwenye fimbo? Kabla ya maziko mtoto mkubwa, Nurdin, aliwauliza watu, kama inavyopasa huko, baba yake alikuwa mtu gani, nao wakajibu kwa pamoja, mtu mwema. Akazikwa.

Taalai hakuacha kazi. Ila tangu siku hiyo alikuwa havui buti kabla ya kuwauliza wenye nyumba, "Mgonjwa akiniuliza, mnaniruhusu nimjibu?" Nyumba nyingi zilimfungia mlango. Mkewe alisema sasa hata chai hapati.

Siku ya arobaini alipanda tena kule juu. Sairakan alimpa mkate, akatazama pembeni. Nurdin alisema hajui, akatoka kwenda kulisha farasi. Taalai aliuliza majirani, akauliza ndugu wa mbali waliofika na wasiofika, akauliza mpaka watu wakamchoka: mzee alitaka kuanza na nani?