Jaruba Langu la Mpunga

Leo asubuhi nimegombana na binti yangu kwa sababu ya nazi. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka minane, alikaa juu ya mbuzi anakuna, akajikwaruza kidole, damu ikatoka kidogo tu. Mama yake akamnyanyua mbio na kumnyang'anya kifuu. "Lete hapa! Bado mdogo huyu." Ndugu yangu, maneno hayo yananipandisha mori. Niliyasikia kwa mama yangu, na mpaka leo sijamsamehe.

Ilikuwa Mlingotini, kabla Wadachi hawajaitwaa pwani. Bibi mzaa mama alikuwa na shamba la mpunga nyuma ya kijiji, na kila mtoto akitimiza miaka minane alipewa jaruba moja, liwe lake. Mpunga ukianza kuiva unapanda dunguni, kile kilingo cha miti, tangu alfajiri mpaka jua lichwe, unafukuza ndege kwa kombeo na kwa makelele mpaka sauti inakauka. Chakula chako muhogo wa kuchoma na pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, mtamu, unanukia moshi. Ukishavuna unatwanga mwenyewe, unapika, unampelekea Bibi. Akila, tangu siku hiyo hakuiti mtoto tena, anakuita mwenzangu. Anakuuliza mvua itakuwaje, na jibu lako analisikiliza. Kaka yangu alikwisha kuitwa, na kwa kunitambia hakuwa na mfano.

Zamu yangu ilipofika nililinda siku tisa. Viganja vikatoka malengelenge, nikayaonea fahari. Mama akayaona. Kesho yake akanificha kombeo, akanikalisha nyumbani na kipande cha muwa, akapanda dunguni yeye. Nililia, nikagaragara uani. "Utanishukuru ukubwani," akasema. Ukubwa ndio huu, na sijashukuru.

Tukavuna. Mama akatwanga, akapika, akanitwika sinia la wali wa nazi na kuninong'oneza niseme ni jasho langu. Bibi alikuwa barazani, ameshanawa mikono. Akavishika viganja vyangu, akaona malengelenge yamekauka.

"Ndege wa mwisho nani kamfukuza, mjukuu wangu?"

Mama alinikazia macho. Nikasema, "Mama."

Bibi hakukaripia. Alilisogeza sinia mbele ya mama. "Huu wako, mwanangu, na wako nilishaula zamani. Wa huyu nitaula mwakani."

Masika yaliyofuata hayakumkuta.

Watu husema mama alinihurumia. Uongo! Alijihurumia mwenyewe. Hakuweza kuyatazama malengelenge ya siku tisa, akaniachia mimi kulitazama sinia lile umri wangu wote. Shamba sasa limejaa minazi ya watu nisiowajua, na sijui ni lini nilimwona mtoto ameshika kombeo. Nimezaa, nimezika, wajukuu wananiamkia kwa heshima zote, lakini jina nililolipandia dungu hakuna aliyenipa.

Basi leo nimemsukuma binti yangu kando, nikamfunga mtoto kidole kwa kitambaa na kumrudisha juu ya mbuzi. Mchuzi umetoka na chembe za kifuu, zinakwaruza meno. Nimeula wote.

"Ahsante, mwenzangu," nikamwambia.

Mama yake kanuna jikoni. Anune.